Mkebe Uliotuma Kutoka Makindu

Malaba, Ijumaa

Dada Mwende,

Nimekukosea. Nimekukosea wewe, na nimemkosea Kilonzo mume wako, na nyote wawili hamjui. Nimeandika hii mbele ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitajaza karatasi yote na salamu, nifunge, na neno lenyewe libaki kwa tumbo langu kama siku zote.

Sasa nikusalimie. Uko aje? Miguu ya Mwaitu mama yetu bado inafura jioni, ama ile dawa ya presha imesaidia? Nilisikia mvua ilikuja mkapanda ndengu halafu ikapotea. Naomba irudi. Huku kwetu kila siku ikifika saa nane inamwaga. Malori yamepanga laini kutoka geti la kuvuka Uganda mpaka huko nyuma siwezi kuona mwisho, na madereva wanapika ugali chini ya trela kama watu wamehamia. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utasoma.

Utauliza mbona barua na simu iko. Mwende, hii mwezi nimekupigia mara nyingi. Kila mara unasema, "Musyoka, mnaendelea aje huko?" na mimi nakuuliza habari ya mbuzi. Mpaka siku moja ukaniambia, "Kwani hii mbuzi yangu unataka kuioa?" Ulicheka, na mimi nikacheka. Hiyo siku nilikuwa nimepiga nikuambie. Simu imenishinda. Barua hii nampatia Mutua, yule dereva wa tangi anayelala hapo Makindu akishuka Mombasa. Nimemwambia akupatie mkononi. Kaa mahali uko peke yako ndio uendelee.

Kilonzo hana majipu. Tulikuambia ni majipu kwa sababu yeye alisema, "Usimwambie Mwende, ataacha shamba aje kukaa hapa kuniangalia kama maiti." Nikakubali. Ukweli ni kwamba kwa paja la kushoto ana uvimbe kama nyanya kubwa, na umepasuka juu. Unatoa maji. Mwingine uko chini ya mbavu, huo bado haujapasuka lakini ngozi yake imekuwa inang'aa. Kila asubuhi anaosha mwenyewe na maji ya chumvi, anafunga na kitambaa, anavaa suruali mbili ndio isionekane. Anakula, lakini shati ile ya kitenge ulimshonea siku hizi inamning'inia. Lori lake bosi alimpatia mtu mwingine tangu watoto wafungue shule. Yeye alikuambia ameamua kupumzika hapa kwangu. Hakuamua.

Wacha nianze mahali ilianza.

Unajua zile alama zake, wewe ndiye uliziona kwanza. Madoa ya kiuno na matako na mapaja, ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, inatoa unga ukikuna. Wakati huo alikuwa anabeba klinka, ile kokoto ya kusagwa iwe saruji, kupeleka Uganda, akasema ni vumbi, ama ni joto la kiti. Kwa yadi ya malori walimwambia ni mashilingi, ule upele wa duara. Wengine walinong'ona ile ingine, si unajua dereva wa masafa marefu akiwa na alama chini ya mshipi watu husema nini. Akapimwa, hana. Akaja kwangu, maana kazi yangu ni mafuta ya kupaka.

Wewe hujawahi kuona vile nafanya, na hujawahi kuniuliza. Zile tyubu ndogo za dawa kali ya ngozi zinatoka upande wa pili wa mpaka, wamama wanavuka nazo kwa kikapu chini ya matoke. Mimi naziminya kwa beseni pamoja na losheni, nakoroga na mwiko mpaka iwe rangi moja, halafu najaza kwa mikebe. Watu wanatoka Amukura, wanatoka Moding, wananitafuta. Mtu akija anajikuna, kesho kutwa amenyamaza. Huko sokoni wananiita Fundi wa Ngozi. Sitakudanganya, hilo jina nililipenda. Nyumbani kwetu hata kufagia nilikuwa nikifagia mbaya, mwanamume ambaye sekondari hakumaliza, leo mwalimu wa shule anasimama mbele yangu anasema, "Fundi, nisaidie."

Nikampaka Kilonzo. Zikapotea. Akaenda safari, zikarudi. Nikampatia mkebe aende nao. Hivyo miaka. Kila akipita Malaba anapiga honi nje, anasema, "Shemeji, tia mafuta!" kama mtu ameingia kituo cha petroli. Ulikuwa mchezo wetu.

Halafu mwaka jana wewe ndiye ulisema aende kwa daktari wa ngozi, na ulisema ukweli. Daktari anakuja Busia siku moja kwa mwezi, ni mama bado kijana, anaongea polepole. Aliangalia zile alama akasema anataka kukata kipande kidogo kipelekwe kuangaliwa, lakini kwanza Kilonzo akae mwezi mzima bila dawa yoyote ya kupaka. Mafuta ya mgando peke yake, yale ya kawaida. Kilonzo akaomba ruhusa kazini akakaa kwangu ili asisumbuke na safari.

Na wewe ukanipigia. Nakumbuka maneno yako yote. "Musyoka, nakujua na mikono yako. Usimpake kitu. Daktari amesema asipakwe kitu." Nikasema, "Sawa dada." Ukasema, "Apa." Nikacheka nikasema, "Dada, kwani mimi ni mtoto?" Hukukata simu mpaka nikaapa.

Hata hivyo hukuniamini, na ulikuwa na haki. Ukatuma mkebe wako kutoka Makindu, umefungwa na kipande cha leso ile ya maua ya njano, na pembeni umeweka ndengu. Ukamwambia Kilonzo kwa simu, "Huo ni wa mkono wangu. Hauna kitu cha mpaka ndani."

Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili, Mwende, sijawahi kuona mtu akiteswa na ngozi yake mwenyewe namna hiyo. Zile alama zilirudi zikiwa na hasira. Alijikuna na gunzi la mahindi. Alijisugua kwa ukuta wa nje kama ng'ombe, mpaka Mama Amoit mwenye ploti akatoka na ufagio.

"Wewe dereva, huo ukuta nilipaka rangi juzi. Unataka kuubomoa na matako?"

"Mama, nisamehe. Inawasha kama siafu."

"Basi kaa kwa maji. Hii ploti ni ya kukodisha, si ya kujikunia." Halafu akaingia kwake akarudi na beseni ya maji baridi yenye majani sijui gani amechemsha. Ni mama mzuri, mdomo tu.

Kilonzo akaanza kuniomba. "Shemeji, kidogo tu. Hapa kwa mapaja. Daktari anakata kiuno, hataona." Nikakataa. Akaomba tena, nikakataa. Akaacha kuniomba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana alikuwa anakaa tu kwa kiti anaangalia ukuta, machozi yanatoka bila yeye kulia.

Mchana mmoja alilala hapo kwa kiti mvua ikinyesha. Nikachukua mkebe wako nikaenda nao dukani. Nikatoa mafuta yako nusu, nikaminya tyubu zangu ndani, zile kali kabisa. Nikakoroga. Nikalainisha juu na mgongo wa kijiko mpaka ukaonekana vile ulikuwa. Nikarudisha leso yako, nikafunga fundo vile ulifunga. Yeye bado amelala.

Hiyo ndiyo kosa langu. Nimeiandika sasa, na mkono haujakatika.

Baada ya siku mbili alitulia. Siku ya tatu alikula akaongeza. Akaanza kuimba akioga. "Musyoka, unaona mafuta ya Mwende? Wewe na tyubu zako zote za Uganda umeshindwa na mke wangu na mafuta ya mgando!" Akanichapa mgongo. "Fundi wa Ngozi! Fundi ako Makindu!" Mpaka Mama Amoit akauliza kama huyo mke anaweza kumtumia na yeye mkebe wa goti lake. Nilicheka nao. Nilikuwa nacheka na jasho linatoka kwa kwapa.

Siku ya kukata, ngozi yake ilikuwa imelala vizuri. Daktari akashangaa kidogo. Akamuuliza, "Umekaa mwezi mzima bila dawa?"

"Kabisa daktari. Ni mafuta ya mke wangu tu."

Hakudanganya. Yeye hakujua. Daktari akanigeukia. "Wewe ndiye unakaa naye?"

"Ndio, daktari."

"Hajapaka kitu kingine?"

"Hajapaka."

Nilijibu haraka, kama mtu ameulizwa jina lake. Akachukua kipande, kadogo tu, kama kichwa cha kalamu, akashona uzi mbili. Kikaenda. Majibu yakarudi kwamba hawaoni kitu kibaya, ni kama ile ngozi ya kuwasha ya kawaida, eksima. Lakini daktari alimwambia, na mimi nilikuwa hapo, kwamba alama zikirudi aje tena, na asipake kitu. Hakurudi. Angerudi aje na mkebe wako unamponya?

Wewe ukasimama kanisani ukashukuru. Uliniambia vile mchungaji alishika mkono wako, na vile Mwaitu aliimba ingawa alikuwa na kikohozi. Mkachinja kuku. Hiyo jioni uliniita kwa simu ukasema, "Musyoka, asante kwa kumtunza." Nikajibu, "Karibu dada."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya. Nilikuwa najiambia ni huruma. Na huruma ilikuwa, Mungu anaona, ungekuwa hapa ukaona yale machozi hata wewe ungelegea. Lakini hiyo ni nusu. Nusu ingine niliogopa. Niliogopa daktari akipata ugonjwa ndani ya hiyo ngozi atauliza ilikuwa inapakwa nini miaka yote, na Kilonzo ataonyesha duka langu. Nilitaka ile ngozi iseme haina kitu. Nikaifanya iseme.

Sasa nikuambie ya mwezi uliopita, halafu utajua kwa nini nimelazimika kuandika.

Uvimbe ulipopasuka nilimlazimisha turudi Busia. Daktari ni yule yule. Alimvua, akaangalia, akabonyeza mtoki. Halafu akasema anataka kukata tena, safari hii sehemu kadhaa, na hiyo ya paja kubwa kidogo. Kilonzo akavaa suruali zake zote mbili, akasema, "Asante daktari, mimi naenda kunywa chai," akatoka. Hivyo tu. Mimi nikabaki nimeshika kofia yake.

Nikauliza daktari anatafuta nini. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikasema nauza vitu mpakani. Akasema, "Basi wewe utaelewa." Akachora kwa karatasi mstari. Akasema hii ngozi ya juu kabisa ni kama mpaka. Damu yetu iko na askari, chembe nyeupe, na kawaida hapo juu ni wachache wanazunguka tu. Kukiwa na fujo, kitu kimewasha ngozi, wanapanda juu na wanasimama makundi makundi. Hiyo ni eksima. Ni askari wazuri wamekuja kazini, fujo ikiisha wanarudi kambini. Lakini kuna ugonjwa mwingine, ni kansa ya hao askari wenyewe. Wanaharibika. Wanapanda juu, wanasimama makundi makundi vile vile, lakini hawa hawakuja kazini. Hawarudi. Wanakaa hapo, wanazaana, miaka mingi polepole, mpaka siku wanashuka chini na kufanya uvimbe.

Nikamuuliza, "Na ukiangalia kwa hiyo mashini yenu ya kukuza vitu vidogo, utajuaje hili ni kundi gani?"

"Ni ngumu. Yanafanana sana. Tunapaka rangi maalum ndio tuone ni askari wa aina gani, na tunaangalia sura zao. Lakini kwanza lazima niwakute hapo."

Nikamuuliza kama mtu anauliza habari ya jirani. "Na kama mtu alikuwa amepaka ile dawa kali ya tyubu kabla ya kukatwa?"

Akasema, "Wanatawanyika. Nakuta mpaka mtupu. Naandika sioni kitu kibaya, na kweli sioni. Lakini hawajaenda mbali."

Unajua huku kwetu tunafanya kazi namna gani? Wakubwa wakitoka Busia kuja kukagua bidhaa za magendo, kuna mtu huko njiani anapiga simu. Anasema tu, "Wageni wanakuja." Kabla wafike, tyubu zote zimeingia chini ya kitanda cha mtu, na wakifika wanakuta mama na ndizi zake, mzee na vitunguu, soko safi. Wanaandika hakuna kitu, wanaenda. Baada ya saa moja kila kitu kiko mezani tena. Mimi nimepigiwa hiyo simu mara nyingi na nimepigia wengine. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya huyo daktari na naona vizuri kabisa nilichofanya. Niliupigia huo ugonjwa simu. Niliuambia wageni wanakuja.

Daktari alikuwa ananiangalia. Hakuuliza. Labda alijua, labda alikuwa tu amechoka, foleni ilikuwa mpaka nje. Akasema, "Bado sijasema ni kansa. Nasema nataka kuona. Kama ndiyo, kuna dawa, kuna ile miale ya kuchoma, atapelekwa hospitali kubwa. Lakini mapema si sawa na sasa. Mlete nikija tena." Nikamuuliza kama inaambukiza, akasema hapana, haiambukizi hata kidogo, si mtu aliileta, si uchafu. Hiyo ushike. Nikamuuliza kama ni mafuta yalileta. Akasema hapana, mafuta hayaleti, yanaficha tu. Alifikiri ananituliza.

Nilimkuta Kilonzo kwa kibanda cha chai, mguu ameunyoosha. Nikamwambia lazima akubali kukatwa.

"Walikata," akasema. "Wakasema si kitu. Sasa wanataka kukata tena. Wanajifunzia kwa mwili wangu?"

"Shemeji, pengine mara ya kwanza hawakuona vizuri."

"Kama hawakuona na macho mazima, wataona saa hii?" Akapuliza chai. "Dawa yangu naijua. Mwende alinitibu na mkebe mmoja. Daktari na mashini yake hajanifanyia kitu."

Unaona vile imejifunga? Anakataa daktari kwa sababu ya mkebe wako, na mkebe wako ulikuwa mimi.

Na kuna ingine, hii ndiyo inanimaliza. Wewe umeona siku hizi anakujibu kwa simu mfupi mfupi. Uliniuliza nikasema ni uchovu. Si uchovu. Ulipotuma mkebe wa pili baada ya Krismasi, vile alikuomba, huo mimi sikuugusa, nilikuwa nimeogopa tayari. Akapaka, hakuna kitu. Akapaka tena, inawasha tu. Akaniambia, "Labda amenunua duka lingine." Baadaye akaacha kuongea habari ya duka. Jumapili moja tukitoka kanisani akasema, bila kuniangalia, "Ule wa kwanza aliuombea. Huu wa pili ametuma tu. Ameshachoka na mimi."

Nilikuwa natembea kando yake. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwambia avuke barabara vizuri kuna boda inakuja.

Mkebe wa kwanza uliisha kitambo lakini hajautupa. Ameuosha, uko dirishani karibu na kitanda, anaweka wembe na sindano ndani. Leso yako anafungia ile chumvi ya kuosha kidonda. Wa pili uko chini ya meza umejaa.

Nimejaribu, dada. Nimejaribu akiwa anakula, nikaona afadhali amalize chakula. Nimejaribu akiosha kidonda, nikaona nitamwongezea uchungu. Juzi nilianza kabisa, nikasema, "Kilonzo, ile siku mvua ilikuwa inanyesha," akaniangalia, akasema, "Huku ni siku gani hainyeshi?" na akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Nikamwachia hicho kicheko. Siogopi kwamba atanipiga. Saa hii hata hana nguvu ya kunipiga. Naogopa atanyamaza, achukue begi yake, atoke, na hajui mahali pa kwenda na huo mguu.

Duka nimefunga tangu Jumatatu. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Mama mmoja wa Moding alikuja na binti yake, mtoto wa darasa la sita, ana alama ndogo kwa shingo, akasema, "Fundi, tutengenezee." Nilishika mwiko, nikauweka chini. Nikamwambia aende hospitali. Akanitukana, akasema nimeringa. Mimi nikafunga mlango nikakaa ndani na zile beseni. Siwezi kumrudishia Kilonzo huo mwaka. Hakuna kitu nitakoroga kimrudishie. Usiku nyumbani namsikia akijikuna upande wa pili wa pazia, na mimi ndiye naitwa fundi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba tu usiwe umechoka naye kweli, maana yeye anaamini hivyo, na ni mimi nilimwaminisha.

Nisalimie Mwaitu, mwambie mtoto wake wa mwisho anamkumbuka, na usimsomee hii. Nisalimie Ndunge, kifungua mimba wako, aendelee na masomo ya ualimu, na mwambie baba yake anamtaja kila siku. Nisalimie mzee Mbithi, jirani yetu anayeangalia mbuzi zako, na yule mama kiongozi wa kwaya aliyekushika siku ya shukrani. Hao wote waliimba kwa ajili ya uongo wangu na hawakujua. Mama Amoit anakusalimia, anauliza bado habari ya goti.

Sasa sikiliza. Daktari anakuja Busia Alhamisi ijayo. Mutua atafika kwako Jumapili ama Jumatatu, kwa hivyo utakuwa umesoma. Jumatano, kabla jua halijaingia, nitaweka mikebe yako yote miwili mezani mbele ya Kilonzo, ule mtupu na ule umejaa, na tyubu moja yangu katikati, na nitamwambia niliweka nini kwa ule wa kwanza, na kwamba ule wa pili ndio mkono wako kweli. Alhamisi asubuhi, kama bado atakubali kutembea na mimi, na hata asipokubali nitafuata nyuma, nitasimama mbele ya daktari nimwambie, "Nilimpaka. Ulipouliza nilikudanganya."

Na kwa sababu uliniapisha kwa akili yako na mimi nikavunja kiapo, usiniamini safari hii pia. Jumatano saa moja jioni piga simu. Usinipigie mimi, nitakuuliza habari ya mbuzi. Mpigie yeye. Muulize mkebe wa kwanza ulikuwa na nini ndani. Akikwambia, lia naye. Akisema hajui, mwambie wewe, saa hiyo hiyo, usingoje mimi nishike simu.

Ndugu yako,
Musyoka